Hodi Bila Karibu: Msongo wa Mwandishi Anayemsubiri Wakala

Nilipokuwa mdogo Mombasa, nyanya alinifunza kwamba hodi hubishwa mara tatu. Ukifika ya tatu na hakuna aliyekwambia karibu, unageuka unakwenda zako, na huna ruhusa ya kununa. Huenda aliye ndani amelala, anaswali, anaoga, anauguza, au ana mgeni mwingine na maneno yao hayajaisha. Hana deni la kukueleza. Adabu hiyo niliisahau kwa miaka mingi. Niliikumbuka usiku mmoja nikiwa South B, saa 7 za usiku, nimejifunika blanketi hadi kichwani ili mwanga wa simu usimwamshe mke wangu, nikitazama kwa mara ya kumi na kitu kama wakala wa fasihi wa New York amejibu barua niliyompelekea kuhusu riwaya yangu wiki tisa nyuma.

Nimekutana na waandishi kadhaa hapa Nairobi walio katika hali hiyo hiyo, na karibu wote huizungumza kwa sauti ya chini, kama ugonjwa wa aibu. Nataka kuizungumza kwa sauti ya kawaida, maana naamini sehemu kubwa ya maumivu yake hutokana na kutojua nyumba tunayoibishia hodi ikoje ndani.

Tuanze na mwenye nyumba. Wachapishaji wakubwa wengi wa London na New York hawapokei riwaya moja kwa moja kutoka kwa mwandishi. Wanataka ipitie kwa wakala wa fasihi: mtu anayeisoma, anayekubali kuisimamia, anayejua mhariri yupi anapenda hadithi za aina gani, anayejadiliana bei na kuukagua mkataba. Mwandishi hamlipi mshahara. Wakala hukata kamisheni, kwa kawaida asilimia 15 ya mauzo ya kwao na asilimia 20 ya haki za tafsiri na za nchi za nje. Kitabu kisipouzwa, hapati hata senti.

Ili akusome, unampelekea barua ya ukurasa mmoja inayoeleza hadithi yako na wewe ni nani, pamoja na muhtasari na mwanzo wa mswada. Waingereza mara nyingi huomba sura tatu za kwanza; Wamarekani wengi hutosheka na kurasa tano au kumi. Akivutiwa anaomba mswada wote. Halafu unasubiri. Wiki 6, wiki 8, wiki 12, na mswada mzima unaweza kukaa miezi. Wengine wameandika wazi kwenye tovuti zao kwamba muda fulani ukipita bila jibu, ujue wamekataa.

Yaani kimya chenyewe ndicho jibu, na hapo ndipo sisi tunapoumia zaidi. Mtu aliyelelewa kwa Kiswahili hajui kimya kitupu. Tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukimsalimu jirani asiitikie, unarudi nyumbani ukijiuliza umemkosea nini, na pengine unamtuma mtu akaulize. Salamu ni haki. Asiyeitikia ametoa hukumu. Kwa hiyo barua ikikaa wiki tisa bila jibu, akili inafanya kazi iliyofundishwa tangu utotoni: inatafuta kosa. Ni sentensi ya kwanza? Ni jina langu? Ni Kiingereza changu? Ni kwamba hadithi iko Pangani na wao hawaijui Pangani? Katika wiki zile tisa nilibadilisha ukurasa wa kwanza wa riwaya yangu mara kumi na nne kwa sababu ya maoni ambayo hakuna binadamu aliyeyatoa.

Kuna kisa cha Chinua Achebe ambacho kila mwandishi anayesubiri anafaa kukijua. Mswada wa riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili tuliipata kwa jina la *Shujaa Okonkwo* aliuandika kwa mkono, na nakala ilikuwa moja tu. Aliupeleka London kwa ofisi ya kupiga miswada taipu, akalipa, kisha ukaja ukimya wa miezi. Akaandika barua, hakujibiwa. Mwishowe mkuu wake kazini, mama Mwingereza aliyekuwa akienda likizo kwao, aliingia katika ofisi ile mwenyewe na kuulizia. Mswada ulikuwa umetupwa pembeni, haujaguswa. Kitabu kilichapishwa 1958, na leo ni miongoni mwa riwaya za Kiafrika zilizosomwa zaidi duniani. Ile haikuwa ofisi ya wakala, lakini angalia kimya chenyewe. Wakati wote ule Achebe akihangaika Nigeria, hakikuwa na ujumbe wowote kuhusu riwaya, kwa kuwa katika ofisi ile hakuna aliyekuwa ameisoma.

Kwa nini basi kusubiri kunachosha kuliko hata kukataliwa? Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio walilofanya na watu 45. Kila mmoja alikuwa akitazama mawe kwenye kompyuta na kukisia kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akitokea, mkono ulipigwa na umeme kidogo, wa kuuma. Msongo ulifika kileleni pale ambapo nafasi ya kupigwa ilikuwa nusu kwa nusu. Waliojua kwa hakika kwamba umeme unakuja walikuwa watulivu kuliko wale waliokuwa katika shaka. Mwili, kumbe, hujipanga kwa ajili ya baya linalojulikana. Lisilojulikana linauacha ukiwa macho usiku kucha.

Juu ya hilo kuna simu. Miaka ya 1950 wanasaikolojia Ferster na Skinner walichunguza njiwa waliokuwa wakidonoa kitufe ili wapate chakula. Chakula kikitolewa bila mpangilio unaoweza kukisiwa, njiwa hudonoa mfululizo, na hata kikikoma kabisa huendelea kwa muda mrefu. Kisanduku cha barua pepe kinatufanyia hivyo hivyo. Mara mia unakuta ankara ya stima na tangazo la bando. Mara moja unakuta jina la wakala. Ile mara moja inalipia uchungu wa zile mia, na kidole kinajifunza kutopumzika. Kama unajilaumu kwamba huna nidhamu, acha. Kinachokutokea kingemtokea yeyote aliyewekwa katika hali hiyo.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Wakala anayefahamika hupokea maelfu ya barua kwa mwaka, na huchukua waandishi wapya wachache tu, wa kuhesabika kwa vidole. Barua hizo ni kazi isiyomlipa, kwa hiyo zinasomwa baada ya kazi inayomlipa: mikataba ya waandishi alionao, miswada yao inayohitaji kurekebishwa, simu za wahariri. Wengi huzisoma jioni au wikendi. Maonyesho ya vitabu ya London huwa Machi, ya Frankfurt Oktoba, na wiki zinazozunguka tarehe hizo wakala yuko kwenye mikutano ya kuuza haki. Agosti ni likizo, na Desemba hakuna anayefungua chochote. Mwandishi wa Nairobi aliyetuma barua wiki ya kwanza ya Oktoba anahesabu siku akidhani anachambuliwa, kumbe hata foleni haijaanza kusogea.

Na wanapokataa, wanakataa kwa sababu nyingi ambazo hazipo kwenye ukurasa wako. Ana mwandishi mwingine mwenye hadithi inayofanana. Alijaribu kuuza riwaya ya aina hiyo mwaka uliopita ikakwama. Anaipenda lakini hamjui mhariri wa kumpelekea. Lile jibu maarufu, kwamba kazi ni nzuri ila hakuipenda kiasi cha kuweza kuitetea, ni jibu moja wanalopelekewa watu wengi. Nimewaona watu wazima wakilichambua neno kwa neno kama wanafunzi wa ushairi. Halina fumbo. Ni mlango uliofungwa kwa upole, basi.

Jibu lenye uzito ni lile linalomtaja mhusika wako kwa jina au linalosema mahali hasa hadithi ilipolegea. Hilo lihifadhi. Wakala akiomba mswada mzima, kwa lugha ya kwetu amekukaribisha barazani: bado hujaingia ndani, lakini umesikika. Akisema urekebishe kisha umpelekee tena, amekutengea muda wake, jambo wasilolifanya ovyo. Hata hivyo fanya marekebisho hayo ikiwa tu yanaifaa hadithi yako, maana hakuna ahadi mwishoni.

Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda aliandika riwaya ambayo wachapishaji wa Uingereza waliikataa, wakisema ni ya Kiafrika mno. Akaipeleka Nairobi, kwenye shindano la miswada la mchapishaji Kwani Trust, ikashinda mwaka 2013, na mwaka uliofuata ikachapishwa hapa hapa kwa jina la *Kintu*. Marekani iliichapisha 2017, Uingereza 2018, na mwaka huo wa 2018 akatunukiwa tuzo ya fasihi ya Windham-Campbell. "Ya Kiafrika mno" lilikuwa neno kuhusu soko la waliolitamka. Nalirudia kwa waandishi wenzangu kwa sababu tunapokataliwa na London tuna mazoea ya kudhani London imeona kasoro ambayo sisi hatukuiona.

Nilichokuja kukigundua mwenyewe, na ambacho kimenisaidia kuliko ushauri wote niliopewa, kipo kwenye saa. New York iko nyuma yetu kwa saa saba wakati wa kiangazi chao na saa nane wakati wa baridi. London iko nyuma kwa saa mbili au tatu. Wakala wa New York akiketi mezani saa 3 asubuhi yao, Nairobi ni saa 10 alasiri au 11 jioni. Akifunga kompyuta jioni, kwetu ni saa 7 au saa 8 za usiku. Ndiyo maana usiku ule nilikuwa macho: siku yao ya kazi ilikuwa imeangukia juu ya usingizi wangu.

Ila ukigeuza hesabu hiyo, inakuwa zawadi. Tangu alfajiri hadi karibu saa 5 asubuhi hapa kwetu, hakuna wakala wa London wala wa New York aliye kazini. Asubuhi yote ni yako, na simu haina siri yoyote. Nikaweka kanuni: naandika kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 1, nakwenda kazini, na saa 4, wakati wa chai, nafungua barua pepe mara moja. Chochote kilichotumwa jana yake na mabara yote mawili kimeshafika. Hakuna ninachokikosa kwa kulala. Nilifungua pia anwani ya barua pepe ya mawakala peke yao na kuiondoa kabisa kwenye simu. Inafunguka kwenye kompyuta ya ofisini tu. Wiki ya kwanza mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe, hasa ndani ya matatu. Wiki ya tatu ukatulia.

Kitu cha pili ni daftari, la karatasi. Kila wakala ana mstari: jina, tarehe niliyotuma, nilichotuma, muda aliouandika mwenyewe kwenye tovuti yake, na tarehe ya kufunga. Tarehe hiyo ikifika bila jibu, napiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuhesabu kwamba nimebisha hodi, sikuitikiwa, nimeondoka. Kama aliomba mswada mzima, muda ukipita namwandikia mara moja, mistari miwili ya heshima, kumkumbusha. Kwa barua ya kwanza sikumbushi. Daftari linafanya kazi ambayo kichwa hakiwezi: linaweka mwisho. Bila tarehe ya kufunga, barua ya Februari inaendelea kukudai hadi Novemba.

Usitume kwa mawakala hamsini siku moja. Kutuma kwa wengi kwa wakati mmoja kunaruhusiwa na hakuna anayekasirika, lakini ukiwapelekea saba au wanane kisha ukangoja, unapata nafasi ya kujifunza. Wote wakinyamaza, barua ndiyo ya kutazamwa. Wawili wakiomba mswada kisha wakaukataa, barua ni sawa. Tazama sura za mbele. Hamsini wakishakataa barua mbovu, huna tena mlango wa kuurudia na barua nzuri.

Pia pima vizuri unachokitarajia, maana tunaibebesha "ndiyo" ya wakala mzigo wa maisha yote. Wakala akikubali, bado hajauza kitabu, na vingine haviuzwi kamwe. Kikiuzwa, tuseme Marekani kwa malipo ya awali ya dola 5,000, wakala anachukua 750. Serikali ya Marekani hukata kodi ya asilimia 30 kwa mwandishi wa nchi isiyo na mkataba wa kodi nao, na Kenya haina. Hizo ni 1,500 nyingine. Zinabaki 2,750, na kwa kawaida hazilipwi kwa mkupuo mmoja. Hizo ni pesa, na ni heshima, lakini hazitoshi kuacha kazi. Nilipozipiga hesabu hizo kwenye karatasi, zile barua zikapungua uzito mara moja.

Na je, unamhitaji wakala kweli? Ukiandika kwa Kiswahili, humhitaji. Wachapishaji wa hapa hupokea miswada kutoka kwa mwandishi mwenyewe. East African Educational Publishers, Longhorn na wenzao wamezoea hivyo. Wao pia huchelewa, na soko lao linaegemea mno shule, jambo linalowaumiza waandishi wa riwaya za watu wazima. Mimi naliona ni hasara ya taifa zima. Lakini mlango wao unaufikia kwa miguu. Unapanda matatu hadi ofisini kwao, unamsalimia mtu wa mapokezi na kuulizia mswada wako umefikia wapi, naye lazima akujibu kitu. Ipo pia tuzo iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye ilichukua jina la Safal, inayopokea miswada ya Kiswahili ambayo bado haijachapishwa.

Msongo humfungulia mlango tapeli, kwa hiyo niseme hili kwa ufupi. Wakala wa kweli hatozi ada ya kusoma. Anayekuandikia kwa ghafla akikisifu kitabu chako kwa maneno matamu, kisha akaomba dola mia mbili za "uhariri" au "usajili", mfute. Ukimya wa miezi sita humfanya mtu amwamini yeyote anayemwita mwandishi.

Halafu kuna siku ambazo hali inapita msongo wa kawaida. Ukiona hulali wiki baada ya wiki, chakula hakipiti, hutaki kuonana na watu, au umeanza kufikiri kwamba kukataliwa kwa mswada ni kukataliwa kwako kuishi, hilo si suala la fasihi tena. Nenda kwa daktari, au piga 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, uzungumze na mtu. Nasema hivi kwa uzito. Rafiki yangu mmoja alifika hapo, na sisi wengine tulidhani ni mvivu wa kupokea simu.

Kilichobaki ni jamaa. Harusini, matangani, kila mtu aliyesikia kwamba unaandika atakuuliza kitabu kimefika wapi, na swali hilo linaweza kuuma kuliko barua yoyote kutoka New York. Kwa muda mrefu nilijibu "bado" na kubadilisha mazungumzo. Idi iliyopita shangazi yangu aliniuliza jikoni kwake Eastleigh, akichambua mchele.

"Mwanangu, kile kitabu chako cha Kizungu kimefikia wapi?"

"Shangazi, nimebisha hodi nyumba ishirini na tatu. Mbili zimenikaribisha barazani."

"Na hao wengine?"

"Kimya."

"Haya. Na kile kingine, cha Kiswahili?"

"Kiko sura ya nane."

"Basi nisomee."

Nilikuwa nacho kwenye kompyuta. Nikamsomea sura nzima ya kwanza na sehemu ya sura ya tatu, yeye akiendelea na mchele wake. Alinikatiza mara mbili. Ya kwanza alisema hakuna mtu wa Majengo anayelitamka neno lile vile, nikalibadilisha pale pale. Ya pili alitaka kujua yule mwanamke aliyeondoka na sanduku atarudi lini.